Mume wangu ana virusi, mimi sina: je, damu yangu haishiki?

Shangazi, shikamoo.

Naishi Kibirizi, hapa Kigoma mjini. Majina nimeyabadilisha kwa sababu mtaa wetu ni mdogo na maneno yanatembea. Nina miaka 31, ndoa yangu ina miaka tisa, na tuna mtoto mmoja, Rehema, ameanza darasa la kwanza. Baba Rehema ni mvuvi wa dagaa. Anaingia ziwani jioni, anarudi alfajiri, nami napokea mzigo, naanika na kuuza.

Miaka minne iliyopita aliumwa kifua na homa zisizoisha, akakonda mpaka suruali ikawa haikai bila kamba. Walipompima wakakuta ana VVU. Nikaitwa, nami nikapimwa: sina. Sikuamini, nikaenda kupima kwingine: sina. Tangu hapo napima mara kwa mara na majibu ni yale yale. Yeye akaanzishiwa ARV, na kusema kweli alizishika vizuri. Akienda ziwani huzitoa kwenye kopo, kwa sababu kopo linapiga kelele na wenzake watauliza, anazifunga kwenye kipande cha nailoni na kuziweka mfuko wa ndani wa koti la mvua. Mwili ulirudi, nguvu za kazi zikarudi. Mwanzoni tulitumia kondomu, baadaye tukaziacha tu, hata hatukukaa chini tukaamua.

Shida imeanza mwaka huu. Wifi yangu alikuja kutoka Dar akasema kuna watu ambao damu yao haishiki virusi, wazungu wameshathibitisha, na kwamba ni watu wa group O. Mimi kweli ni O, niliambiwa kliniki nilipokuwa mjamzito. Mama mkwe akadakia kwamba damu kali nimeirithi kwa bibi yangu, kwa sababu bibi aliuguza watu wa ndui enzi zile na yeye hakuugua. Sasa nyumba nzima inaniita damu kali, na mgeni akija anasimuliwa.

Baba Rehema naye ameyabeba. Anasema kama kirusi chake kimeshindwa kunipata miaka yote hii, basi ama chenyewe ni dhaifu, ama mimi ndiye dawa yake. Tarehe ya kliniki ilipita hakwenda. Huu ni mwezi wa pili hajameza kidonge hata kimoja, na anataka tupate mtoto wa pili, eti atazaliwa na damu yangu.

Shangazi, je, ni kweli damu ya hivyo ipo? Kuna hospitali wanaweza kunipima nikajua? Mtoto atarithi? Na nimwambieje huyu mwanaume arudi kwenye dawa bila kuonekana namwita muuaji?

Mama Rehema, Kigoma

*

Marahaba mwanangu.

Lililo la haraka kwanza. Kama mmekutana bila kondomu ndani ya siku hizi tatu, acha kusoma, nenda kituo cha afya leo uwaeleze. Kuna dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, zinamezwa siku 28, lakini lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa unayowahi ni faida kwako. Kama siku zimepita zaidi ya hapo, nenda upime hata hivyo, na kondomu zirudi usiku huu. Baba Rehema arudi kliniki wiki hii, asisubiri tarehe nyingine. Hayo yakishafanyika, ndipo tuzungumze damu.

Wifi yako hakutunga. Watu ambao miili yao haishiki VVU wapo, na sababu ya baadhi yao inajulikana tangu mwaka 1996. Kirusi hiki hakiingii kwenye chembe nyeupe ya damu hivi hivi. Fikiria boti inapofika hapo Kibirizi: kwanza inafungwa kamba, kisha unawekwa ubao ndipo watu washuke. Kwenye chembe ya damu, pa kufungia kamba panaitwa CD4, na ubao kwa kawaida ni protini iitwayo CCR5. Kuna watu wamezaliwa na kinasaba cha CCR5 kilichopungukiwa kipande kidogo, herufi 32 tu za maandishi ya urithi, na upungufu huo unatosha kuufanya ubao usiwepo kabisa. Kirusi kinafunga kamba, lakini hakina pa kushukia.

Mmarekani mmoja, Stephen Crohn, alimzika mwenza wake mwaka 1982 kwa ugonjwa huu, akaendelea kuzika marafiki miaka mingi, na yeye hakupata. Alikwenda mwenyewe kwa watafiti akawaambia wachunguze kuna nini kwake. Wakachukua chembe zake maabara, wakazimwagia virusi, vikashindwa kuingia. Alikuwa amerithi kinasaba hicho chenye upungufu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Naye Timothy Ray Brown, aliyekuwa na VVU na saratani ya damu, alipandikizwa uboho Berlin mwaka 2007 kutoka kwa mtu wa aina hiyo, na virusi havikurudi mpaka alipofariki mwaka 2020 kwa ile saratani. Kwa hiyo jambo lenyewe ni la kweli kabisa.

Ila sikiliza sehemu ambayo wifi hakufikishiwa. Ili mtu akingwe hivyo, lazima arithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi. Kule Ulaya ya kaskazini, wenye nakala mbili ni kama mtu 1 katika 100. Kwa sisi Waafrika, kinasaba hicho hakipo kwa asili. Akionekana mtu anacho, mara nyingi kuna mzazi au babu wa Kizungu katika ukoo wake. Sikusemi wewe binafsi, mwanangu, lakini mwanamke wa Kigoma kwa baba na mama, kuegemea kinasaba hicho ni kuegemea kitu ambacho karibu kwa hakika hana. Na hata hao wachache walio nacho hawana kinga kamili, kwa sababu kuna aina za VVU zinazotumia ubao mwingine, na wapo wenye nakala mbili walioambukizwa kwa njia hiyo.

Group O haihusiki hata kidogo. Makundi ya damu ni alama zilizo kwenye chembe nyekundu, na VVU vinaingia chembe nyeupe. Nenda kliniki yoyote ya CTC, wanakotibiwa wenye VVU, utakuta A, B, AB na O wote wamekaa kwenye benchi moja. Uvumi huu wa group O umeshaingiza watu wengi kwenye ugonjwa, na naomba mgeni ajaye hapo kwenu asisimuliwe tena.

Bibi yako naye tumwekee heshima yake mahali pake. Ndui ilikuwa na chanjo, iliyoacha kovu la duara begani, na aliyewahi kuugua akapona naye hakuugua tena. Ndiyo maana watu wa namna hiyo ndio walioachiwa kuuguza wengine. Ukiniuliza mimi, huenda bibi alikingwa kwa chanjo, au aliugua akiwa mdogo sana. Kinga ya kuchanjwa au ya kuugua ni ya mwenyewe, haishuki kwa mjukuu. Na hata kinga ya kuzaliwa nayo huwa na mpaka: wale wenye nakala mbili za upungufu wa CCR5, wanaokwepa VVU, wakipata kirusi cha West Nile, kilichogunduliwa kwa jirani zetu Uganda mwaka 1937, ndio wanaoelekea kuugua zaidi kuliko wengine. Hakuna damu iliyo kali kwa kila kitu.

Sasa, Waafrika tuna vinasaba vyetu vinavyopambana na VVU? Tunavyo, na hapa nataka uelewe vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapochanganya kinga na kuchelewesha. Kuna kundi la vinasaba liitwalo HLA. Kazi yake ni kutoa vipande vya kirusi nje ya chembe iliyoshambuliwa ili askari wa mwili wavione na kuiua chembe hiyo. Aina za HLA ni maelfu, kila mtu ana mchanganyiko wake. Wenye aina iitwayo B57, nayo ipo Afrika, wakiambukizwa huwa virusi vyao vinabaki vichache kwa muda mrefu. Wapo wachache, hawafiki 1 katika kila 100 wenye VVU, ambao miili yao inavibana virusi bila dawa hadi visionekane kwenye kipimo. Lakini angalia: hao wote wameambukizwa. Kinasaba hakikuzuia kirusi kuingia.

Jambo hili limechunguzwa hata hapo kwenu, kwa sokwe wa Gombe. Boti zinazotoka Kibirizi kwenda kaskazini zinawapita. Sokwe hao wana kirusi chao, SIV, ndugu wa VVU. (Watu wasikutishe: VVU vilivyoenea duniani vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, havikutoka Gombe.) Watafiti wamekuwa wakiokota choo chao msituni na kupima virusi humo, bila kumgusa sokwe hata mmoja. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba sokwe wenye SIV walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri huohuo wasio nayo. Mwaka 2015 ikaonekana kwamba wapo sokwe wa Gombe wenye kinasaba kinachofanana na hiyo B57 ya binadamu, na wale walioambukizwa wakiwa nacho walikuwa na virusi vichache zaidi. Wameambukizwa, lakini mzigo ni mwepesi. Ndivyo urithi unavyofanya kazi mara nyingi, kwa sokwe na kwetu.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Nairobi, mtaa wa Majengo, Pumwani. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Kanada, akiwemo Francis Plummer, waliwafuatilia wanawake waliokuwa wakiishi kwa biashara ya ngono. Wengi waliambukizwa. Kikundi kidogo, kwa miaka mingi, hapana. Damu zao zilikuwa na askari waliokwisha kukijua kirusi, na baadhi ya aina za HLA zilionekana zaidi kwao kuliko kwa wenzao. Dunia nzima ikafurahi. Kisha baadhi yao wakaambukizwa, na walipotazamwa ikaonekana kwamba walikuwa wamepunguza au wamesimama kazi ile kwa muda, kisha wakarudi. Ile kinga iliyodumu miaka ilikuwa imelegea. Hao ni wanawake waliochunguzwa na maabara kubwa, mwanangu, wewe umechunguzwa na wifi.

Basi kwa nini huna? Kuna jibu jepesi, na lilipatikana magharibi mwa Ziwa Victoria, wilaya ya Rakai, Uganda. Walifuatilia jozi 415 za wenza walio kama nyie, mmoja anavyo na mwingine hana, enzi ambazo ARV zilikuwa hazijafika. Matokeo yalitolewa mwaka 2000. Katika muda wa ufuatiliaji, 90 waliambukizwa na wenza wao. Wengine zaidi ya 300 hapana, na hakuna aliyewaita damu kali. Kilichotofautisha zaidi kilikuwa wingi wa virusi kwenye damu ya yule aliye navyo. Waliokuwa na virusi chini ya 1,500 kwa mililita moja ya damu, hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake.

Ongeza na hili: tendo moja halina lazima ya kuambukiza. Kule Rakai wastani ulikuwa kama mara 1 kwa kila matendo 1,000. Huo ni wastani tu. Unapanda sana mtu akiwa ameambukizwa karibuni, akiwa ameugua sana, au mmoja wenu akiwa na vidonda sehemu za siri. Hivyo miaka ile kabla hajapimwa, ulipita kwenye hatari na hukushikwa, kama walivyopita wengi. Miaka minne iliyofuata, aliyekulinda ni Baba Rehema mwenyewe. Kile kidonge kimoja kwa siku kilivipunguza virusi vyake mpaka, naamini, havikuonekana kwenye kipimo. Mtu ambaye virusi vyake havionekani kwa sababu ya dawa hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Hili si tumaini la mtu. Mwaka 2016 na 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Ulaya uliofuatilia mamia ya wenza waliokuwa wakikutana bila kondomu, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake aliyekuwa kwenye dawa na virusi vyake vimefubaa.

Ile nguvu mnayoitafuta kwenye damu yako, ilikuwa kwenye kile kipande cha nailoni ndani ya koti la mvua. Na sasa ameitoa. Dawa zikiachwa, virusi hurudi kwa wingi ndani ya wiki chache tu. Huu ni mwezi wa pili. Nakuambia kwa uchungu: katika ndoa yenu tangu apimwe, hujawahi kuwa kwenye hatari kubwa kama miezi hii miwili.

Umeuliza kipimo. Vinasaba vya CCR5 na HLA vinaweza kusomwa kwenye maabara za utafiti, lakini si kipimo cha kuomba dirishani Kigoma, na hata ungekipata, hakuna daktari mwaminifu atakayekusomea majibu na kukuambia tupa kondomu. Atakayekuomba hela akupime kama damu yako haishiki, mkimbie.

Kuhusu mtoto. Unajua sikoseli. Mtoto hupokea nakala moja kwa mama na moja kwa baba. Mwenye moja hupata nafuu dhidi ya malaria kali, mwenye mbili ndiye mgonjwa. Vinasaba vingine navyo hushuka hivyo hivyo, nusu kwako, nusu kwa baba yake. Hata ungekuwa na damu ya ajabu, usingeweza kumkabidhi mtoto nzima. Ila hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni hiki: mtoto hapati VVU kutoka kwa baba yake, anapata kutoka kwa mama. Ukibaki salama, mtoto ni salama. Ukiambukizwa ukiwa na mimba au unanyonyesha, hapo virusi vinakuwa vipya na vingi mno mwilini mwako, nawe unaweza usijue kwa kuwa kliniki ya mwanzo ulipimwa ukaonekana huna. Huko ndiko watoto wengi wanakopatia siku hizi.

Mtoto wa pili mnaweza kumpata, na bila hofu. Subirini Baba Rehema ameze dawa vizuri, apimwe wingi wa virusi, wakute havionekani. Wakati huo wewe uliza dawa kinga, wengi wanaiita PrEP. Ni kidonge cha kila siku kwa asiye na VVU, kinatumika hata wakati wa ujauzito na kunyonyesha, na utapimwa kwanza halafu kila baada ya miezi mitatu. Wenza wa majibu tofauti ni miongoni mwa wanaolengwa hasa na dawa hiyo. Mtaamua mwezi wa kutafuta mimba mkiwa na mshauri wenu, mkiwa na karatasi ya majibu mkononi.

Na yeye umwambieje. Usianze na kosa lake. Mwanaume aliyemeza dawa miaka minne botini kwa siri, usiku, kwenye mawimbi, amefanya kazi kubwa na hakuna aliyemshukuru. Sifa zote mmezimwagia damu yako. Mshukuru. Mwambie, "Baba Rehema, nimeuliza nikaambiwa kilichonilinda ni wewe na vidonge vyako, nami nakuomba uendelee kunilinda." Hapo hujamwita muuaji, umemrudishia heshima iliyo yake. Umwambie tena kwamba kirusi chake si dhaifu: ndicho kilichomlaza mpaka suruali ikafungwa kamba, na kikirudi kitaanza na yeye kabla hakijafika kwako. Chagua siku ambayo hajaingia ziwani, ameshalala ameamka, ameshakula.

Mama mkwe usishindane naye mbele ya watu. Mwache mwanawe ndiye amwambie. Wifi mpigie simu wewe mwenyewe, mweleze hili la kaskazini ya Ulaya na la group O, na umwombe, kwa kuwa yeye ndiye aliyelileta, yeye ndiye alirekebishe kwa mama.

Siku ya kwenda kliniki nenda naye. Abebe kadi yake ya CTC, aseme wazi ameacha tangu lini, asipunguze siku, kwa sababu wataitumia hesabu hiyo kuamua vipimo. Waambieni anafanya kazi ziwani: mgonjwa aliyetulia hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, na hilo litampunguzia safari. Dawa ni bure. Muulizieni pia mshauri nasaha, mkae naye wote wawili kabla hamjaondoka. Wahudumu wa huko wamepokea wengi waliorudi baada ya kuacha, na mkikutana na mmoja wa kufoka, ombeni mwingine, msigeuze njia kurudi nyumbani.